Wakili kijana anapohama ofisi: kipi chake, kipi cha ofisi, kipi cha mteja

Nilipohama ofisi yangu ya kwanza ya uwakili, nikiwa nimeitumikia miezi 14 tu, shangazi yangu wa Tandika aliniuliza maswali mawili kabla sijamaliza kumwamkia: kama nilikuwa nimefukuzwa, na kama sasa ingenibidi niapishwe upya. Sikushangaa kuyasikia kwake, kwa kuwa yeye hana sababu ya kuyajua mambo ya mawakili. Kilichonishangaza ni kuyasikia baadaye kutoka kwa mawakili vijana wenyewe, tunapokaa kwenye benchi za Mahakama ya Kisutu tukisubiri kesi zitajwe. Mmoja anaamini kwamba leseni yake ni mali ya ofisi iliyomlipia ada. Mwingine anaamini kwamba mteja aliyemzoea anaweza kuondoka naye pamoja na faili lake. Wa tatu anaogopa kwamba kuhama kabla ya kutimiza miaka miwili kutamfungia milango ya mji mzima. Hofu hizi zimechanganywa mno, hata wengine wanabaki mahali wanapodhulumiwa, na wengine wanaondoka kwa namna inayowaumiza watu wasiohusika.

Tuanze na maneno. Mwanasheria ni mtu yeyote aliyesomea sheria, hata kama hajawahi kusimama mahakamani. Wakili ni mwanasheria aliyepita hatua za ziada: baada ya shahada alisoma katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, akafaulu, akamwomba Jaji Mkuu akubaliwe, akaapishwa, na jina lake likaandikwa kwenye daftari la mawakili. Baada ya hapo anatakiwa kuhuisha leseni yake kila mwaka, na moja ya masharti ya kuihuisha ni kuhudhuria mafunzo endelevu. Mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na wakili wa Tanzania Bara huwa mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Zanzibar ina sheria yake na chama chake, na ninayoyaeleza hapa ni ya Bara.

Katika hatua zote hizo hakuna mahali ofisi inapoapishwa. Anayeapa ni mtu, na jina linaloandikwa ni la mtu. Mfano ulio karibu zaidi ni dereva wa daladala. Dereva anayeendesha gari la tajiri fulani kati ya Mbagala na Gerezani akiamua kwenda kuendesha gari la tajiri mwingine, harudi kufanya mtihani wa udereva, kwa sababu leseni ilitolewa kwake. Gari analiacha kwa mwenyewe, na hesabu ya siku ya mwisho anaikabidhi. Abiria nao hawakuwa wake wala wa tajiri; kila mmoja alipanda kwa hiari yake na atashuka anapotaka. Wakili anayehama yuko hivyo hivyo: uwakili anaondoka nao, ofisi anaiacha, na mteja ana miguu yake mwenyewe.

Imani kwamba leseni ni ya ofisi inatokana na jambo moja la kweli. Ofisi nyingi za Dar es Salaam huwalipia mawakili wao wachanga ada za mwaka, na kijana akitaka kuondoka mwezi wa tatu, mwenye ofisi anakumbusha kwamba fedha ile ilitoka mfukoni mwake. Kama kuna makubaliano kwamba anayeondoka mapema atairudisha, hilo ni deni, na deni hulipwa. Hata hivyo, deni halimgeuzi aliyelipa kuwa mmiliki wa leseni. Tena mwajiri haruhusiwi kujikatia deni hilo kwenye mshahara kwa uamuzi wake peke yake. Sheria ya ajira inataka mfanyakazi awe amekubali makato hayo kwa maandishi, isipokuwa yale ambayo sheria au mahakama imeyaelekeza.

Swali gumu zaidi ni kijana yuko pale ofisini kama nani. Nimeona vijana wakibishana juu ya notisi na likizo kumbe hawajui hata mafungamano yao na ofisi ni ya aina gani. Wapo walioajiriwa, wanaolipwa mshahara wa mwezi na kupangiwa kazi. Wapo wanaolipwa asilimia ya ada ya kila kesi wanayoishughulikia. Wapo wanaochangia tu kodi ya chumba na bili ya umeme, kila mtu na wateja wake, ingawa kibao cha mlangoni kinawaonyesha kama ofisi moja. Wapo wabia, yaani wenye ofisi kwa pamoja, ambao kuondoka kwao kunaongozwa na mkataba wa ubia na huwa ni jambo refu linalohusu mali na madeni. Na wapo wengi, wengi kuliko tunavyopenda kukiri, wanaosemwa kwamba wanajitolea: wanafika saa mbili asubuhi, wanatoka usiku, wanapewa nauli siku ya kwenda mahakamani, na hawana karatasi yoyote yenye sahihi ya mwajiri.

Kwa hao wa mwisho nina neno la kusema kwa uzito wote. Kukosa mkataba wa maandishi hakumaanishi kwamba hakuna ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaweka vigezo, na kimoja tu kikithibitika mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo: kwa mfano, kwamba anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, au amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au riziki yake inamtegemea mtu huyo. Jukumu la kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi ni la mwajiri. Inasikitisha kwamba watu wanaoandika barua kali kwa niaba ya wafanyakazi wa viwandani wanakaa na vijana wao wenyewe bila karatasi.

Aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi hahitaji ruhusa ya kuondoka. Anachohitaji ni kutoa notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi hiyo iwe ya maandishi na isipungue siku 28, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kazi ambapo siku 7 zinatosha. Mkataba unaweza kuongeza muda huo, ila ukiongezwa lazima uwe sawa kwa pande zote mbili: mwajiri hawezi kudai miezi mitatu kutoka kwako huku yeye akijiwekea mwezi mmoja. Anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi anaweza kukatwa, katika malipo yake ya mwisho, kiasi kinacholingana na mshahara wa siku hizo. Kwa upande wake anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyoidai, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo ni habari nyingine, kwani sheria inakitoa pale ambapo mwajiri ndiye aliyesitisha ajira na mfanyakazi ametimiza miezi 12, hivyo anayejiuzulu asikipangie matumizi. Namba ya NSSF inabaki ileile. Kama mishahara imebaki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya namna hiyo ndani ya siku 60, na madai ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Wakili anayeona aibu kwenda Tume kwa ajili ya haki yake mwenyewe ajiulize angemshauri nini mteja mwenye madai kama hayo.

Hayo yote ni upande mwepesi, kwa kuwa yanawahusu watu wawili wenye uwezo wa kusoma sheria. Upande mzito unamhusu mteja, ambaye mara nyingi hajui hata kwamba kuna mtu anahama.

Faili la kesi si la wakili kijana, na kwa maana ya ndani si la ofisi pia. Mtazame fundi cherehani wa Kariakoo aliyeajiriwa kwenye duka la ushonaji. Vyerehani ni vya mwenye duka, ufundi ni wa fundi, lakini kitenge kilicholetwa kikatwe ni cha mama aliyekileta. Fundi akihama hawezi kuondoka na kitenge cha watu kwa sababu tu yeye ndiye aliyepima kiuno. Hati ya nyumba, mkataba, risiti, picha za mpaka wa kiwanja, vyote vilivyomo ndani ya faili vililetwa kwa kuaminiana, na vinakaa pale mteja alipovipeleka mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo. Kunakili faili zima kwenye flashi usiku wa mwisho ni kubeba siri za watu bila idhini yao, na nimewahi kumsikia kijana akilisimulia jambo hilo kama ujanja.

Mteja naye ana hiari. Akitaka kumfuata wakili wake katika ofisi mpya, hakuna anayeweza kumzuia. Atamaliza hesabu za ada na ofisi ya awali, ataelekeza kwa maandishi faili liende wapi, na mahakama itajulishwa kwamba wakili amebadilika. Kisichoruhusiwa ni wakili kuwapigia simu wateja mmoja mmoja kabla ya kuondoka, akiwaambia kwamba ofisi ile inaelekea kufa. Kuwinda wateja kunakatazwa na sheria yenyewe pamoja na kanuni za maadili za mawakili za mwaka 2018, na lalamiko la namna hiyo linaweza kufika mbele ya Kamati ya Mawakili, inayoshughulikia nidhamu. Kumjibu kwa ukweli mteja aliyekuuliza si kosa. Kumtafuta ili umng'oe ni kosa, na tofauti hiyo hata mtu asiyesoma sheria anaielewa.

Nieleze sasa kwa nini nalichukulia suala la makabidhiano kwa uchungu. Wiki yangu ya tatu katika ofisi ile ya kwanza, nilipewa mafaili ya wakili aliyeondoka kwa hasira kabla yangu, ambaye alikuwa amefunga mlango nyuma yake bila kuandika hata mstari mmoja. Yalikuwa yamepangwa sakafuni, chini ya dirisha, yamefungwa kwa utepe wa rangi ya waridi. Katika faili la nne lilikuwamo shauri la mama mmoja mwenye duka la vyombo Buguruni, aliyeshitakiwa kwa malimbikizo ya kodi ya pango. Ndani yake palikuwa na wito wa mahakama uliokunjwa mara nne, na nyuma ya wito, kwa wino wa kijani, tarehe ambayo yule mama aliupokea. Utetezi wa maandishi hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 21 tangu mdaiwa apate wito. Nilizihesabu siku kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, nikazirudia, na mara zote mbili kidole kiliishia kwenye siku ya 19.

Nilimpigia simu yule mama. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye risiti zilizolowa, akaketi na kusema kwa utulivu ulioniuma, “Mwanangu, mimi nilijua mmeshajibu. Yule kijana aliniambia nisiwe na wasiwasi.” Tulifanya kazi mpaka saa nne usiku, na utetezi ukawasilishwa siku ya 20. Siku mbili zaidi na angeweza kupoteza haki ya kusikilizwa, huku akiwa na risiti zinazoonyesha kwamba sehemu kubwa ya deni alikuwa ameshalilipa. Wakili aliyeondoka alikuwa na malalamiko ya haki dhidi ya ofisi. Nilikuja kuyajua baadaye, na mengine yalinipata mimi pia. Lakini ugomvi wake ulikuwa na mwenye ofisi, na adhabu ilitaka kumwangukia mama wa Buguruni.

Wakili anaweza kuhama, lakini siku za mahakama hazihami pamoja naye. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ina siku zake 30, na dai la mkataba lina miaka 6, ambayo huonekana mingi mpaka faili likae kabatini miaka mitano na nusu. Kwa hiyo zamu yangu ya kuondoka ilipofika nilitumia wiki mbili za notisi kuandika jedwali la mafaili 31: namba ya shauri, mahakama, jina la hakimu au jaji, tarehe ijayo na kilichopangwa siku hiyo, hatua iliyobaki na siku yake ya mwisho, nyaraka halisi zilizopokelewa, fedha za mteja zilizopo, na simu ya mteja. Nilichapa nakala mbili. Mwenye ofisi, ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri kwa mwezi mzima, alizipitia mstari kwa mstari kisha akasaini zote, nami nikabaki na nakala yangu yenye sahihi ya mapokezi. Kwa mwenzangu aliyeyapokea mafaili, karatasi hiyo ilikuwa ramani. Kwangu imekuwa kinga, maana miaka miwili baadaye mtu aliulizia hati yake ya kiwanja na jibu lilipatikana kwa dakika tano.

Siri ndicho kifungo ambacho notisi haikifungui. Aliyoyasema mteja kwa wakili wake yanabaki siri hata baada ya kazi kwisha, na Sheria ya Ushahidi inalisema hilo waziwazi. Ugumu unatokea pale ofisi mpya inapokuwa ndiyo inayomwakilisha mpinzani wa mteja wako wa zamani, jambo ambalo Dar es Salaam hutokea mara kwa mara kwa kuwa ofisi zinazoshughulikia benki, bima na ardhi zinakutana zenyewe kwa zenyewe. Mfikirie mshenga aliyetumwa na upande wa kijana kujadili mahari. Anajua wametenga kiasi gani na watakubali kupandishwa mpaka wapi. Kesho yake anaonekana ameketi na wajomba wa binti, anawashauri wataje kiasi gani. Hata akiapa kwamba hajasema neno, hakuna atakayemwamini tena, na posa yenyewe imeshaharibika. Wakili wa namna hiyo anatakiwa kuieleza ofisi mpya, kabla ya kusaini mkataba, majina ya pande ambazo hawezi kuzigusa, bila kueleza yaliyomo ndani ya kesi, na kujitenga kabisa na mashauri hayo. Zipo hali ambapo hata kujitenga hakutoshi na ofisi nzima inapaswa kujitoa. Ofisi inayokuajiri kwa kutamani unayoyajua kuhusu mpinzani wake itakutupa siku utakapokuwa huna la kuipa.

Linabaki suala la muda, ambalo ndilo linalozungumzwa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, ingawa nadhani ni jepesi kuliko lile la mteja. Hakuna sheria inayosema wakili akae ofisi ya kwanza mwaka mmoja, miwili au mitano. Kuna desturi, na ndani ya desturi kuna hekima kidogo. Kesi ya madai ina hatua: hati ya madai, utetezi, usuluhishi, mashahidi, hukumu. Kijana anayehama kila baada ya miezi sita anaweza kufikisha miaka mitatu akiwa anajua kuahirisha kesi kwa adabu tu, bila kuwahi kumhoji shahidi hata mmoja. Kwa sababu hiyo nawashauri vijana wajitahidi, panapowezekana, kuifuata walau kesi moja tangu ilipofunguliwa mpaka hukumu kabla ya kufikiria mshahara wa jirani. Lakini panapowezekana. Kutolipwa miezi mitatu, kutakiwa kusaini kwamba umeshuhudia kiapo ambacho mwapaji hakuwapo mbele yako, kuombwa rushwa ya mwili na mkubwa wako, au kupita mwaka mzima bila kugusa kazi yoyote zaidi ya kupeleka bahasha, hizo ni sababu za kuondoka hata kama ni mwezi wa pili. Hilo la kiapo nalisisitiza, maana anayesaini ni wewe, na litakapoulizwa ataulizwa mwenye jina kwenye muhuri.

Wenye ofisi wanapomwuliza mtu kwa nini alihama mapema, na nimekaa upande huo wa meza sasa, tunasikiliza zaidi anavyoizungumzia ofisi aliyoiacha kuliko idadi ya miezi. Anayemwaga siri za wateja wa zamani ili atufurahishe anatuonyesha atakavyofanya na wetu. Nasi pia tuna la kujirekebisha: tabia ya kumwita msaliti kila kijana anayeandika notisi, na kumpigia simu mwajiri wake mpya kumharibia, inawafundisha wanaobaki kwamba njia salama ni kutoroka. Makabidhiano mabaya mengi niliyoyaona yalianzia hapo.

Kwenye ofisi mpya kuna kazi ndogondogo ambazo husahaulika. Anuani na taarifa za wakili katika mfumo wa Mahakama wa e-Wakili zinatakiwa kurekebishwa, kwa kuwa humo ndimo mtu yeyote anaweza kuhakiki kama anayejiita wakili ni wakili kweli. Muhuri wenye anuani ya zamani uwekwe pembeni na uchongwe mwingine. Nyaraka zinazowasilishwa mahakamani huandikwa chini jina na anuani ya aliyeziandaa, na anuani ya zamani ikibaki hapo, barua zitaendelea kwenda kwenye ghorofa ambalo huna ufunguo wake.

Wiki ya pili nikiwa ofisi mpya ya Upanga, yule mama wa Buguruni alinipigia. Alitaka kujua kama kesi yake ilikuwa bado ya Alhamisi. Nilimwambia ndiyo, saa tatu asubuhi, na kwamba wakili atakayesimama naye ameshalisoma faili lote na risiti zake anazo. Aliniuliza kama angetakiwa kumweleza yote upya tangu mwanzo. Nikamwambia hapana, mama, yameandikwa.